Kiti Kitupu Mkononi

Kila mteja aliyeingia kwa Fundi Wino, mchora tatuu, aliulizwa maswali mawili kabla mashine haijawashwa. Mchoro huu una maana gani kwako? Na umeutoa wapi?

La kwanza watu walilijibu haraka. Nanga ni ya aliyetangatanga na sasa ametulia. Simba huchorwa na wapole. Kipepeo ni wa waliotoka kwenye ndoa mbaya. "Sirudi Nyuma" ameiandika kwenye mabega mengi, na wenye mabega hayo wamerudi mara kwa mara kuomba ifunikwe kwa ua. Swali la pili ndilo lililowakwamisha. Nimeiona kwenye simu. Nimeiona kwa mtu. Mtu gani? Mtu tu.

Jumanne moja asubuhi aliingia mdogo wake mwenyewe, Kadogo, msusi wa saluni ya mtaa wa pili. Mama yao alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na hao wawili ndio waliobaki.

"Nataka kiti," Kadogo alisema huku akikunja mkono wa blauzi.

"Si hicho hapo? Kaa."

"Cha kuchorwa, dada."

Alikuwa na picha kwenye simu. Kiti cha mbao, kipana, chenye mgongo mfupi na maegemeo ya mikono, kimechorwa kwa mstari mwembamba. Hakina mtu. Chini yake neno moja: KARIBU.

"Maana yake?"

"Mtu wako akifariki unamwekea kiti. Kwamba nafasi yake ipo."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa msusi mwenzangu. Siku hizi wanacho wengi, wewe tu ndiye umepitwa."

Fundi Wino aliitazama picha. Alikikumbuka kiti cha mama nyuma ya cherehani, kiti ambacho hakuna mtoto, mgeni wala mteja aliyethubutu kukikalia. Akavaa glavu.

Kazi iliisha kabla ya saa ya chakula. Alipomfunga nailoni na kumwambia ashuke, Kadogo aliyumba upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kwa mkono mmoja.

Juma lililofuata alirudi kukaguliwa kidonda. Kilikuwa kinapona vizuri. Lakini jicho la Fundi lilinasa kwenye mstari mmoja, ule wa mahali pa kukalia. Alikuwa ameunyoosha kwa karatasi ya kunakilia, na fundi huujua mstari wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Sasa ulikuwa umebonyea katikati.

"Umejikuna?"

"Sijajikuna."

"Mkono unauma?"

"Hauumi. Ni mzito. Jana nimemwacha mteja na nusu kichwa, nimeshindwa kuuinua." Kadogo alishusha sauti. "Dada, ni kama kuna mtu anaegemea."

"Na mwenzako mwenye kama hiki, yeye anasemaje?"

"Haji kazini. Mumewe anasema yuko nyumbani, amekaa."

"Anaumwa?"

"Nimemuuliza hivyohivyo. Anasema amekaa tu."

Walikwenda jioni hiyohiyo. Msusi yule alikuwa sebuleni, kwenye kochi, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mtoto wake mdogo alikuwa akicheza miguuni pake. Mara kwa mara mtoto alipanda hadi mapajani, akamtazama mama yake usoni, akashuka.

"Ukimlisha anakula," mume alinong'ona. "Ukimuuliza kitu anajibu. Ila nikimwita jina lake anageuka kuangalia mlangoni. Kama anamsubiri mwenye jina aingie."

Fundi aliomba ruhusa, akamfunua mkono. Kiti kilikuwepo. Ndani yake alikaa mtu mweusi tii, hana uso, mikono magotini. Alikuwa amekaa vilevile kama msusi alivyokaa. Na pale chini, palipokuwa na neno KARIBU, ngozi ilikuwa safi, haina hata kovu.

Fundi aliuliza swali lake la pili. Umetoka wapi mchoro huu? Mume alijua. Baba mkwe wake alipolazwa, kitanda cha jirani kilikuwa na mzee mmoja, seremala, mwenye kiti mkononi. Msusi alikipenda kiti hicho, akakipiga picha mzee akiwa usingizini. Maana akaitunga mwenyewe njiani kurudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi walielekezwa kwake. Karakana ya seremala ilikuwa na meza, makabati na milango isiyokuwa na nyumba. Haikuwa na kiti hata kimoja. Mzee mwenyewe alisimama katikati, ameegemea nguzo, miguu imevimba hadi kwenye vifundo. Alipomwona Kadogo ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, hakuuliza wamefuata nini.

"Usikae," alimwambia. "Popote. Ukikaa, na yeye anakaa."

"Wewe hukai?"

"Nalala nimesimama kama farasi, binti yangu. Wodini walinilaza kwa nguvu. Kulala si neno. Kuinuka bila kukaa ndiyo shida."

Aliwasimulia kwa kifupi. Zamani aliletewa oda ya kiti na mtu aliyetumwa na mtu. Vipimo vilikuwa vya ajabu, vipana kupita kiasi, lakini kazi ni kazi. Kiti kikaisha, mwenyewe hakuja. Siku moja mchana alikuwa anapiga randa ameinamisha kichwa, akasikia mtu mlangoni. Hakuinua macho. Alisema kama anavyosema kila mtu anapotingwa na kazi: karibu kiti. Alipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu na kiti kilikuwa kimebonyea. Alikichoma moto siku hiyohiyo. Kesho yake kilikuwa mkononi mwake, neno lake likiwa chini.

"Mimi niliteleza ulimi," alisema. "Nyinyi mmeandika. Mmechoma sindano na damu imetoka."

"Anataka nini?"

"Kukaa. Akishakaa sawasawa, kiti kinakuwa wewe."

"Na anaondolewaje?"

Seremala alitingisha kichwa. "Umeshamkaribisha. Nimezoea. Na huyu binti naye atazoea."

"Hatazoea," Fundi Wino alisema. "Mimi sijamkaribisha mtu."

"Umeandika kwa mkono wako, binti."

"Basi mkono huohuo utaandika lingine."

Alisema hivyo akiwa hajui ataandika nini. Na muda wa kufikiri haukuwepo. Njiani mkono wa Kadogo ulilegea, ukaning'inia, vidole vikawa baridi. Fundi alimfikisha kliniki. Mkono ukapigwa picha ya mfupa. Mfupa ulikuwa mzima. Wakaambiwa wasubiri daktari, na Kadogo akasubiri amesimama, dada yake amemshika kiuno. Alikuwa anasinzia. Magoti yalikuwa yanakunjika.

"Nikae kidogo tu, dada."

"Simama."

Fundi alimfunua mkono. Mbele ya kiti zilikuwa zimetokea nyayo mbili. Visigino vilikuwa vimegeukia kiti. Ndivyo mtu anavyosimama anapojiandaa kukaa.

Kwenye benchi lililokuwa mbele yao wagonjwa walibanana, isipokuwa pengo moja lenye mkoba. Lilifika jibaba moja, limetokwa jasho, likataka kujishusha hapo. Mama mwenye mkoba hakulitazama hata usoni.

"Pana mtu hapa."

"Yuko wapi?"

"Si nimekwambia pana mtu?"

Jibaba liliangalia mkoba, likaangalia pengo, likaenda kuegemea ukuta. Hakuja mtu. Baadaye mama yule aliitwa ndani, akachukua mkoba wake akaenda. Pengo likabaki. Watu walikuwa wamesimama, wamechoka, na hakuna aliyelikalia.

Fundi Wino alilitazama jibaba, akalitazama pengo.

"Twende," alimwambia mdogo wake.

"Daktari bado."

"Daktari hana wino."

Ilikuwa mchana kweupe walipoingia dukani. Nje kulikuwa na pikipiki, muuza maji, redio ya jirani. Fundi alifunga mlango. Alimsimamisha Kadogo mbele ya kaunta na kuulaza mkono wake juu ya kitambaa. Hakutumia karatasi ya kunakilia. Uso aliotaka kuuchora aliujua bila picha.

"Unachora nini?"

"Mama."

Kadogo alijaribu kucheka. "Mama na kiti."

"Unamkumbuka kwenye mkutano wa wazazi? Mwalimu mkuu alivyomwomba ampishe?"

"Akamwambia akatafute kwao."

"Ndiye huyohuyo."

Alianzia makalio. Mtu hakai kwa kichwa. Akachora paja, gauni, na futi ya kupimia iliyokuwa haitoki shingoni. Mara ya kwanza ngozi iliutema wino wote. Akafuta, akarudia. Ikautema tena. Akarudia, ameongeza nguvu, na wino ukakaa.

Redio ya jirani ikazimika.

Kisha muuza maji akanyamaza. Pikipiki pia. Ilibaki mashine peke yake, na mlio wake ulikuwa unashuka, kama inasukumwa kwenye tope. Kaunta ililia chini ya mkono wa Kadogo. Ubao ukaanza kupinda.

"Dada," Kadogo alinong'ona. "Kuna mtu kasimama nyuma yako."

"Usimtazame."

"Ni mpana."

"Usimtazame. Na usiseme lile neno."

Fundi hakugeuka. Alichora tumbo la mama. Alichora kifua. Kitambaa cha kichwani kilichofungwa sawasawa, fundo mbele. Mikono akailaza magotini, viganja juu, kama alivyokuwa anaiweka akipumzika. Magoti ya Kadogo yakakunjika. Fundi akambana na kaunta kwa nyonga, akaendelea kuchora.

Nyayo mbili zilikuwa bado zinaonekana. Akachora viatu vya mama juu yake. Sindano ilipogusa kisigino cha kwanza, kitu nyuma yake kilivuta pumzi.

"Nani?"

Sauti ilitoka kinywani mwa Kadogo. Lakini macho ya Kadogo yalikuwa yamemtoka kwa hofu, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Pana mtu hapa," Fundi alisema.

"Nani?"

"Mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Amekaa. Huoni?"

Kilichokuwa nyuma yake kilisogea karibu zaidi. Bega lake lilihisi baridi, baridi ya mbao mbichi. Kilikuwa kinachungulia.

Fundi alilijaza wino neno KARIBU mpaka likawa mstari mweusi, kama zulia chini ya kiti. Juu ya mgongo wa kiti akaandika upya, herufi moja baada ya nyingine. Aliandika huku anasoma kwa sauti. PANA MTU.

"Katafute kwenu," alisema.

Ubao wa kaunta ulinyooka ghafla. Kadogo akaanguka sakafuni kwa makalio, pwaa, akabaki hapo amekaa, anatweta, anapapasa vidole vya mkono wake wa kushoto. Vilikuwa na joto. Nje pikipiki ilipita. Redio ilikuwa katikati ya tangazo.

"Nimekaa," Kadogo alisema.

"Kaa. Kaa utakavyo."

Mambo yaliyofuata yanajulikana mtaani. Fundi Wino alibandika tangazo mlangoni: mwenye kiti mkononi aje, halipi. Watu walimcheka, halafu wakaja. Vijana kadhaa, mwalimu mmoja, dereva wa lori aliyekuwa ameanza kuendesha amesimama. Kila mmoja aliulizwa ni nani wa kwao asiyependa kupisha. Mmoja alichorwa bibi. Dereva alichorwa mkwe wake, na wote wakacheka. Seremala alichorwa marehemu mkewe, na ilipoisha akatafutiwa kigoda, akakaa, akalia kimya kimya bila kujifunika uso.

Kwa msusi alikuwa amechelewa. Alijaribu hadi sindano ikapinda, na wino wote ulirudi juu ya ngozi. Yule aliyekaa kwenye kochi alimshukuru kwa adabu na kumwambia asihangaike. Fundi alimjibu kwamba atarudi Jumamosi. Na Jumamosi alirudi. Anarudi hadi leo, na kila akirudi anabeba sindano mpya.

Siku chache baada ya kuchorwa mama, Kadogo alikuja kukaguliwa kidonda. Alikuwa amesuka vichwa viwili asubuhi hiyo na anadai chai. Fundi alibandua nailoni, akakausha ngozi, akawasha taa ya mezani.

Alimtazama mama. Akamtazama tena.

Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeenda upande, fundo limelegea. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka mguuni. Na mikono haikuwa tena magotini. Ilikuwa imeshika maegemeo ya kiti, kushoto na kulia, vidole vimekaza, kama mtu aliyevutwa ainuke akagoma.

"Ulihisi chochote usiku?"

"Nililala kama mtoto. Kwa nini?"

Fundi Wino aliisogeza taa karibu. Alipitisha kidole taratibu juu ya mchoro. Gauni, uso, zulia, maneno, vyote vilikuwa bado na magamba ya kidonda kibichi. Mikono ya mama haikuwa na gamba. Wino wake ulikuwa umefifia na kuzama ndani ya ngozi, kama mchoro uliokuwepo hapo miaka mingi.