Kizazi cha Nangila

Haya yalimpata rafiki yangu Matheka, jirani yangu wa Kaloleni, miaka ile alipokuwa akiosha chupa kwa daktari ambaye mimi simhurumii hadi leo. Daktari huyo alimtoa mama mmoja, Nangila, kizazi. Kwa kina Nangila kitu kama hicho hurudishwa nyumbani kikazikwe. Daktari alikiloweka kwenye chupa ya mafuta yanayonuka kama dawa ya kuchua misuli, hadi kikawa kama glasi, mwanga unapita, apate kuchungulia mishipa ya ndani bila kukipasua.

Nangila akaja kukidai.

"Mama, utazika nini?" daktari akamcheka. "Hata hakionekani."

"Sawa, daktari," Nangila akasema, wala hakupandisha sauti. "Na wewe utachunguliwa hivyo hivyo."

Nangila alifariki kabla ya Krismasi.

Januari daktari akaacha kuja kazini, akaagiza apelekewe ile chupa ya kizazi nyumbani kwake Buruburu. Matheka alifika jioni, stima imepotea mtaa mzima. Mlango ulikuwa wazi, na harufu ya yale mafuta ilimpokea kabla hajaitoa chupa kwenye kikapu. Humo gizani matone yalikuwa yakianguka sakafuni, to, to, to.

"Weka mezani uende," daktari akasema. "Usiwashe tochi."

Matheka alikuwa ameshaiwasha. Daktari akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, na kupitia viganja hivyo Matheka akayaona macho yake yakipepesa.