Wapangaji wa Diski ya Hospitali

Faili la mgonjwa lilikuwa na majina mawili. La juu lilikuwa la bibi wa miaka sabini. La chini halikuwa la mtu yeyote aliyewahi kutibiwa katika hospitali ile ya Biskra. Zulikha, fundi wa kompyuta, akalifuta. Alipofungua tena, jina lilikuwepo, na chumba cha mashine kilinuka manyoya ya kondoo yaliyoloa.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Hifadhidata yao kuukuu humwekea kila mgonjwa faili dogo, na kila faili hupewa kipande kizima cha diski hata kama halikijazi. Mwezi uliopita, akitaka mashine iende mbio, alichagua vipande vikubwa kupita kiasi. Mbio zenyewe hazikuonekana. Zilibaki nafasi tupu, maelfu kwa maelfu, moja nyuma ya kila mgonjwa.

"Dada, umejenga vyumba vingi halafu ukaviacha wazi," alinong'ona Lakhdar, mwenzake, ambaye kwa kawaida haishiwi mizaha. "Unadhani wale wasioonekana hawajaviona?"

"Acha uchuro wako, bwana!"

"Uchuro? Yule bibi kapasuliwa jana. Wanawe wanamwita, haitiki. Anaitikia lile jina la chini."

Zulikha aliigeukia kompyuta. Mdogo wake, Nadhir, alikuwa ghorofani akingoja kupasuliwa moyo saa nane mchana. Akalifungua faili lake. Chini ya jina la Nadhir, herufi zilikuwa zinajiandika, moja baada ya nyingine.

Hakungoja. Akahamishia mafaili yote kwenye diski nyingine yenye vipande vidogo, vya kumtosha mgonjwa bila kubakiza hata pa kuweka jina, na mji wote ukiwa umelala kwa joto la adhuhuri, yeye akiwa ameganda kwenye kiti, akasikia ndani ya diski ya zamani mikwaruzo, kisha vishindo, kisha minong'ono ya watu wengi wanaofunga mizigo kwa haraka, hadi alipoifuta yote na kimya kikatanda.

Akapanda ngazi mbio. Nadhir alikuwa amekaa kitandani, hajapelekwa bado, anatabasamu. Zulikha akamkumbatia, akilia kwa furaha.

"Nadhir, mdogo wangu!"

Hakuitika. Mwili wake ulikuwa wa baridi, na chini ya ngozi ya mgongo kitu kilijisogeza kutafuta nafasi.

"Mbona umetutoa?" akauliza, kwa sauti nyingi pamoja. "Kule kila mmoja alikuwa na chumba chake. Humu tumebanana."