Mwembe Uliojipaka Poda

Somoe ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Bibi yake ana miaka mingi. Meno yake yote yameng'oka!

Nyuma ya nyumba yao kuna mwembe mdogo. Mwaka huu umetoa maua kwa mara ya kwanza.

"Embe la kwanza ni la nani, Bibi?"

"La sisi vibogoyo!" Wakacheka. Kha-kha-kha!

Kila asubuhi Somoe aliyaimbia maua:

"Maua, maua, shikeni sana!
Vibogoyo wawili tunawasubiri!"

Siku moja, maua yalikuwa meupe pee!

"Bibi! Mwembe umejipaka poda! Kama mdogo wangu Nassoro akitoka kuoga!"

Somoe akayapuliza maua. Fuu! Fuu! Poda ikaruka huku na huku.

Siku zikapita. Sasa kila tawi lina poda. Maua yakapukutika. Puku, puku, puku.

Somoe akalia. "Embe letu, Bibi! Hatulipati tena!"

Bibi akamwita Mjomba Chilumba. Mjomba analima mikorosho, na ugonjwa huu anaujua.

"Hii si poda, mpwa wangu. Ni ubwiriunga. Ni ukungu unaokula maua."

"Mimi niliupuliza, Mjomba."

"Lo! Basi uliupa lifti!"

Mjomba akakata maua yaliyougua. Kacha! Kacha! Akayafukia shimoni.

Alfajiri, majani yakiwa na umande, Mjomba akafunika pua na mdomo. Akapuliza salfa, dawa ya unga wa njano. Vuuu! Vuuu!

Somoe alikaa ndani, dirisha limefungwa. Akaimba polepole:

"Maua, maua, shikeni sana!
Vibogoyo wawili tunawasubiri!"

Na maua machache yakashika!

Yakawa viembe vidogo kama kunde. Vikanenepa, vikanenepa, vikanenepa.

Embe moja likaiva. Laini! Bibi akafyonza. Fyo! Somoe akafyonza. Fyo! Maji ya embe yakawatiririka hadi viwikoni.

"Hebu fungua mdomo," akasema Bibi. "He! Jino jipya limechungulia! Umenihama, wewe!"

"Usijali, Bibi. Nitakusaidia kutafuna."

Jioni, Mama akamwogesha Nassoro. Akampaka poda, mweupe pee!

Somoe akachungulia dirishani. "Mwembe, umeona? Poda ni ya Nassoro. Wewe usiguse!"

Bibi akacheka. Kha-kha-kha!

Somoe akalala, vidole vyake vikinukia embe.