Jini Lililokataliwa na Paka

Kwa miaka kumi na moja, paka wa Fundi Koo alikuwa akila majini. Alinenepa kwa majini. Kila jioni mke wa Fundi alimmiminia bakuli lote, naye akalamba mpaka bati likang'aa. Siku alipolikataa moja, yule mke akajua kuna jambo.

Tusifichane: majini yale yalikuwa maini. Asubuhi mke alikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akavipaka masizi, akamtilia mumewe kimoja shavuni kabla ya kila mgonjwa kuingia. Fundi alibandika mwanzi kwenye koo la mgonjwa, akavuta hadi macho yakamtoka, kisha akatema bakulini, pwaa!

"Hilo hapo lililokuwa likikukwamishia chakula. Na hospitali usikanyage. Jini likigusishwa kisu, linaua."

Mgonjwa alikwenda zake roho nyepesi. Wengine hawakurudi tena, na Fundi akasema hao ndio waliopona.

Lakini siku hiyo bucha lilifungwa. Fundi alivuta bila kipande shavuni, kwa maneno matupu, na bado bakuli likawa na kipande. Kingo zake zilikuwa nyeusi, katikati chekundu kama ufizi, kinanuka mtaro. Paka alikinusa, akasimamisha manyoya, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Hiki umekitoa wapi?" mke alinong'ona.

"Si wewe uliyeniwekea?"

"Mimi sijashika maini tangu jana."

Fundi akapangusa midomo. "Basi nyamaza. Katupe chooni."

Tangu hapo hawakununua maini tena. Vipande vilikuja vyenyewe. Chakula nacho kikaanza kumkwama Fundi, kwanza mkate, kisha viazi vya kupondwa, kisha hata uji. Alikonda huku bakuli likijaa. Mganga hajigangi, na huyu hata kujaribu hakujaribu: alitafuna tumbaku yake na kunywa chai inayochemka, kama alivyozoea. Alipopumua, mke aligeuzia uso dirishani. Alimwonea mumewe kinyaa, na akajichukia kwa kinyaa hicho.

Adhuhuri moja alimshikia kikombe cha maji, Fundi akapiga funda moja tu, akafunga mdomo, lakini koo lake likaendelea kumeza, gulu, gulu, gulu, likipanda na kushuka lenyewe huku yeye amemkodolea mkewe macho ya hofu, na harufu ya mtaro ikajaa chumba kizima, mpaka kutoka huko ndani, chini ya ulimi usiotikisika, ikaja sauti ya mwokaji mikate, yule mama waliyemtoa jini mwaka jana wakamkataza hospitali, na baada ya miezi minne wakaenda kumzika.

"Mlimwambia mama huyu mmenitoa," ikasema. "Haya, nimetoka."

Fundi akaangua kilio. "Nipeleke hospitali. Ila tupite nyuma, wagonjwa wasinione."

Daktari alimshushia mpira wenye kamera kooni, kisha akamwita mke pembeni.

"Kuna uvimbe kwenye umio, njia ya chakula. Nimekata kipande kikapimwe, ila sikufichi, nahofia ni saratani. Chakula kilianza kukwama lini?"

"Miezi mitano."

"Mlikuwa mkingoja nini, mama? Kikikwama wiki mbili tatu, mtu anakuja. Ikiwahiwa, inatibika."

 Mke alikuwa akiwafikiria wagonjwa waliokaa kwenye benchi nyumbani kwake.

Alimwacha mumewe wodini, akarudi mbio. Benchi lilikuwa limejaa. Mbele kabisa alikaa mwalimu wa chekechea, binti mdogo tu, mkono kooni.

"Mama, wiki ya tatu hii. Hata mkate haushuki."

Mke alikuwa ameshakata shauri. Angesema yote, maini na masizi, wampige wakitaka. Akafungua kinywa. Kitu laini, cha uvuguvugu, kikampanda kooni, kikaukalia ulimi wake, kikinuka mtaro. Angeweza kukimeza na kunyamaza. Akakitema mbele yao.

"Nendeni hospitali! Tulikuwa tukiwadanganya! Yalikuwa maini!"

Hakuna aliyemsikia. Wote walikitazama kile kipande kikitoa mvuke sakafuni.

"Kalitoa bila hata mwanzi," mmoja akanong'ona. "Mke kampita mume!"

Paka alikuwa ameshapanda juu ya paa. Mwalimu akapiga magoti, akainua kidevu, akafumba macho.

"Anza na mimi, mama."