Kisu Changu Chapanda Ndege

Kwetu ni Ronge, upande wa Mwatate, huko Taita. Nikimaliza chai ya asubuhi, naenda kwenye kitalu chetu nyuma ya nyumba. Nakata kichwa cha mche wa avokado ya kienyeji. Napasua shina katikati. Nachukua kitawi cha avokado bora, nakichonga ncha iwe bapa, nakichomeka kwenye ule ufa. Kisha nafunga kwa utepe wa nailoni. Hiyo ndiyo kazi ya kupandikiza. Baada ya wiki chache mche unachipuka, mizizi ya kienyeji, kichwa cha kisasa.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, Crispus. Niliacha shule darasa la sita mama alipougua, nikawa nashinda na baba kitaluni. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Visu vya kupandikiza hunolewa upande mmoja tu, na vile vya dukani huku kwetu vyote ni vya mkono wa kulia. Nikikata na kisu cha mtu mwingine, mkato unakuwa na mawimbi na kitawi kinakauka. Ndiyo maana baba alichukua kisu chake cha kukunja, akakinoa upya upande wa pili. Alikaa siku tatu na jiwe la kunolea.

"Sasa hakinifai mimi tena," aliniambia. "Ni chako, Tryphena."

Mwaka huo nilipandikiza miche mia moja. Tisini na sita ilishika.

Siku moja simu iliita. Ilikuwa sauti ya mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima karibu na Kisumu. Afisa wa kilimo alikuwa amempa jina langu.

"Miche tunayo," alisema. "Vitawi tunavyo. Tunakosa mtu wa kutuonyesha. Tutakutumia tiketi ya ndege kutoka Mombasa. Utakuja?"

Niliikaza simu sikioni. Mimi ni mtu wa kunong'ona. Hata kanisani nikiambiwa nisome matangazo, sauti inakwama kooni. Baba alikuwa amesimama karibu, anasikia kila kitu.

"Atakuja!" alipaza sauti kwenye simu yangu.

Kabla ya jua kuzama, watu wote wa posho mill, pale tunaposagia mahindi, walikuwa wamejua. "Mwalimu wa Kisumu anatoka kwangu," baba aliwaambia, hata wale ambao hawakuuliza.

Jumamosi, mjomba wangu Danson alikuja kuniaga. Yeye alipanda ndege mara moja, akienda Nairobi. Alinikuta nikikifunga kisu kwenye leso, nikikitia ndani ya kikapu changu cha mkononi. Kisu cha kupandikiza hakiachani na mwenyewe.

"Hicho watakuchukulia," alisema Danson. "Changu kilienda hivyo hivyo. Nilikuwa nacho mfukoni, cha kumenyea machungwa. Wakaniambia kiache hapa au baki nacho hapa. Nikakiacha."

Nilikitoa kisu kikapuni. "Sasa nitafundisha na nini?"

"Kifiche. Kitie katikati ya pakiti ya unga. Nani atachimba unga?"

"Danson, usimharibie mtoto safari!" mama alisema kutoka jikoni. "Pauline yuko nyumbani wikendi hii. Hebu aitwe."

Pauline ni jirani yetu. Anafanya kazi ya kukagua mizigo kwenye uwanja wa ndege. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akasikiliza, kisha akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Unga! Mjomba, ile mashine inaona ndani ya unga, ndani ya kiatu, ndani ya mkate. Inaona mpaka sarafu iliyosahaulika kwa koti. Na ukikamatwa umeficha, si kisu tu. Utaitiwa polisi ueleze ulikuwa unaficha kwa nini."

"Kwa hivyo kisu hakipandi ndege?" niliuliza polepole.

"Kinapanda. Lakini hakikai na wewe." Pauline aliweka kikombe chini. "Sikiza. Ndege ina mizigo ya aina mbili. Kuna begi dogo unaloingia nalo ndani, unakaa nalo. Humo hakuna kisu, hata kiwe kidogo kama kidole. Hakuna wembe, hakuna mkasi wa kupogolea matawi. Halafu kuna begi kubwa unaloacha kaunta. Hilo linaingia tumboni mwa ndege, na hakuna abiria anayelifikia. Kisu kinakaa humo."

"Na kama tiketi haina begi la kuacha kaunta?" aliuliza mama.

"Swali zuri, mama. Tiketi nyingine ni za begi dogo tu. Tryphena, pigia kampuni ya ndege simu uulize kabla ya siku ya safari. Uliza na kuhusu kisu chenyewe. Usiogope, kuulizwa ndiyo kazi yao."

Kisha alinionyesha jinsi ya kukifunga. Tulikikunja. Tukakikaza kwa mpira ili kisifunguke. Tukakizungushia kadibodi, halafu kitambaa, tukakiweka katikati ya nguo.

"Kuna mtu atabeba begi hili," alisema. "Pengine kuna mwingine atalifungua alikague. Usimkate vidole mtu aliye kazini. Na ukikosea jambo, sema mapema. Kabla hujaacha begi kaunta, kila kitu kinaweza kurekebishwa. Ukishaliacha na kufika ukaguzi wa pili, ule wa kabla ya kupanda ndege, umechelewa."

"Kumbe kisu changu kingerudi nyumbani," alisema Danson.

Nilipiga simu. Nilijibiwa kwamba tiketi yangu ina begi la kuacha kaunta, na kisu kikae humo.

Siku ya safari, mama aliamka kupika kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe. Alikifunga kwa majani ya mgomba kikiwa bado moto, akakitia ndani ya begi kubwa. "Waonje kwanza ulikotoka, ndipo wakusikilize," alisema.

Kwenye basi la Mombasa nilikuwa nimepakata begi hilo. Tulipopita Voi, nilihisi majimaji kwenye magoti. Kimanga kilikuwa kikitoa jasho. Nilifikiri jambo moja tu: kutu. Kisu cha kupandikiza kikishika kutu, kinatia mche ugonjwa. Basi nilikitoa, pamoja na kadibodi yake, nikakitia ndani ya kikapu kikavu. Nikasema nitakirudisha begi likikauka. Halafu nikasinzia.

Mlangoni mwa uwanja wa ndege kulikuwa na foleni. Niliweka begi na kikapu kwenye mkanda wa mashine. Begi likapita. Kikapu kikasimama.

Afisa alitazama kioo chake. "Kikapu hiki ni cha nani?"

Ndipo nikakumbuka. Nyuma yangu mtu alisema, "Dada, songa basi, tunachelewa." Nilitaka kukiacha kikapu, kisu na kila kitu, nijifanye si changu. Lakini niliona siku tatu za baba na jiwe lake. Niliona na akina mama wa Kisumu wakiningoja, nami nikifika mikono mitupu.

"Ni changu," nilisema.

"Sema kwa sauti."

"Ni changu! Kuna kisu ndani. Nimekosea kukiweka hapo. Ni cha kupandikiza miche. Nataka kukiweka kwenye begi la kuacha kaunta."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Foleni nzima iligeuka kunitazama.

Afisa alifungua kikapu. Akatazama ule mpira, kadibodi na kitambaa. "Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Jirani yangu."

"Amekufundisha vizuri. Bahati yako umesema ukiwa upande huu. Kihamishe sasa, mbele yangu, ndipo uende kaunta." Nilipofungua begi, alinusa. "Na hiki kinachonukia ni nini?"

"Kimanga."

"Aa! Mtu wa Taita." Alicheka. "Toa hicho ukae nacho kikapuni. Chakula hakikati mtu."

Hivyo kimanga kilikaa na mimi juu, na kisu kikakaa pakavu chini. Kaunta walipima begi, wakalifunga karatasi yenye namba, wakanipa kipande chake. Kwenye ukaguzi wa pili kikapu kilipita bila kusimama.

Kisumu, nilisimama kando ya mkanda unaoleta mizigo. Begi langu lilitokea kati ya masanduku makubwa. Niliingiza mkono katikati ya nguo. Kadibodi ilikuwepo. Kisu kilikuwa kikavu, baridi, kimekunjwa kama nilivyokiacha.

Kesho yake, akina mama thelathini walikaa kunizunguka. Walikula kimanga kwanza. Kisha nilishika kisu.

"Anatumia kushoto!" mmoja alinong'ona.

"Ndiyo, mama," nilijibu. "Baba yangu alikinolea mkono huu. Sogeeni muone mkato."

Mkato ulikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Nilizungumza mpaka mchana, na sauti haikukwama. Kurudi nyumbani, nilikifunga kisu vilevile, katikati ya nguo.

Wiki tano baadaye picha kutoka Kisumu iliingia kwenye simu yangu. Miche hamsini, na arobaini na saba ilikuwa imechipuka. Baba aliichukua simu akaenda nayo posho mill. Hakuirudisha mpaka chaji ilipokwisha.

Jioni hiyo Danson alikuja. Mkononi alikuwa na kisu kipya cha kukunja na kipande cha kadibodi.

"Naenda Nairobi kwa ndege mwezi ujao," alisema. "Nifunge hivi?"

"Ngoja, mjomba," nilisema. "Kwanza umepiga simu kuuliza kama tiketi ina begi la kuacha kaunta?"

"Bado."

Baba alikohoa kule alikokuwa ameketi. "Msikize mwalimu, Danson," alisema. "Toa simu."