Mbwa Mweupe wa Mzee Kanti

Nina miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tabora, natunza wazee hapa London. Shule niliishia la saba, mnivumilie. Sina hakika hata kama nina haki ya kulalamika...

Kazi alinitafutia Furaha, Mkongo wa Bukavu. Nilipokosa pa kulala, alinigawia nusu ya kitanda chake! Tulimtunza Mzee Kanti wa Kenton, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, macho yakimfifia. Furaha asubuhi, mimi mchana. Kila tulichofanya tuliandika kwenye daftari la zamu.

Sebuleni palikuwa na kiambaza cha Kijapani, cha karatasi, kinakunjwa kama kitabu, kimepakwa dhahabu. Kimechorwa wapiganaji juu ya farasi, wanawafukuza mbwa kwa mishale. Niliwahurumia mbwa, mzee akacheka: "Wacha kulia, mama! Mishale butu hiyo. Mchezo tu, mbwa hafi."

Kila siku alikisogelea hadi pua iguse, akimtafuta mbwa mmoja mweupe, kipenzi cha marehemu mkewe.

Siku moja nikaambiwa kesho binti yake anakuja na wageni. Kwetu mgeni hakaribishwi na vumbi! Nikachukua kitambaa, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo... nikasugua. Kutazama, mbwa mweupe hayupo! Kitambaa kinameta dhahabu. Nikakisuuza, nikakianika kwenye hita.

Daftarini niliandika nini? "Mzee amekula vizuri." Basi.

Kesho yake mchana, tukiwa tunapokezana zamu, binti akaliona doa. Akafungua daftari. Furaha, mkweli wa watu, jana yake asubuhi alikuwa ameandika: "Nimefuta vumbi sebuleni." Nisimwonee binti, alisoma kilichoandikwa. Furaha akaachishwa kazi pale pale. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha mzee... nikanyamaza. Mzee akawa anapapasa karatasi, anauliza, "Mbwa wangu yuko wapi?"

Alifariki bila kujibiwa.

Mazishi yalipopita nilimwendea Furaha, nikamwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijuaka, dada. Kitambaa chako kilikuwa kwa hita, kinang'aa. Nikakitupa, wasikione. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

Jamani! Alinificha mimi, nami nikamwacha aanguke!

Nilimwambia na binti. Alinisikiliza, akaniomba nisirudi kwake. Ni haki yake. Furaha bado anapokea simu zangu, ila sasa ananiita kwa jina. "Dada" imekwisha.

Huenda niliogopa, huenda ni ubaya tu wangu, sijui... Mzee alisema mishale ile ni butu. Wangu haukuwa butu. Wasomaji wenzangu, nawasihi: ukiharibu, sema siku ile ile, mkono ungali umelowa. Mwenzio asibebe, akingoja mdomo wako ufunguke.