Kiini Kisichozeeka

Soko la Mwanga siku ya Jumamosi halina adabu: mtu hukusukuma kwanza, akakusalimu baadaye. Ndivyo Faustini alivyofika mbele ya cherehani ya Leonia mwaka ule wa sabini na tano, amesukumwa na mama wa mihogo, suruali yake ya bugaluu imefagia vumbi lote la Kigoma.

"Mwakeye, dada. Naomba unipunguzie miguu ya hii suruali. Nimetoka Urusi juzi, mtaa mzima wa Katubuka unanicheka."

"Wana haki," alisema Leonia. "Kitambaa hiki kinatosha gauni na kilemba chake."

Leonia alizoea kumtazama mtu kwanza kabla ya kumpima. Akaona kijana huyu hucheka kwa macho, mdomo ukafuata. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge cha manjano kutoka ng'ambo ya ziwa, akashukuru moyoni.

Mwezi mzima Faustini alileta nguo za kushona. Zake zilipoisha, akaanza kuiba za kaka yake.

"Huko Urusi unasoma nini hasa, mpenzi?" Leonia alimwuliza jioni moja kule Ujiji, wamekaa ufukweni, maji yakiwalamba vidole vya miguu.

"Viini vya atomu. Tunagonganisha viwili, kinazaliwa kimoja kizito ajabu, ambacho hukioni popote duniani. Kinazaliwa na nguvu zimekizidi. Vingi huzitema papo hapo. Vichache huzishikilia, vikadumu nazo, na sisi tunakaa tukivizia vitaziachia lini."

"Hudumu miaka mingapi?"

"Robo sekunde."

Leonia alicheka hadi khanga ikamwanguka begani. "Na hiyo mnaiita kudumu?"

"Kwa wenzake ni maisha ya Nuhu. Na cha ajabu, hakizeeki. Kilichongoja muda mrefu na kilichozaliwa sasa hivi ni sawasawa. Wala hakikwambii tarehe."

Mwishoni mwa Julai ikaja telegramu kutoka Urusi: masomo ya Faustini yameongezwa miaka miwili, pengine zaidi. Wiki hiyohiyo mjomba wa Leonia, kule Buzebazeba, alipokea posa ya Pastory, karani wa bandarini, akamtaka mpwa wake atoe jibu kabla ya Jumapili. Leonia alimweleza Faustini yote, kisha akamtazama.

Faustini akamshika mkono. "Utaningoja, Leonia wangu. Wewe ni kama kile kiini."

Kwake hiyo ilikuwa sifa. Leonia akauchomoa mkono taratibu. "Kiini chako hakizeeki, Faustini. Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Nimengoja useme lini, umenisomea fizikia."

Akaenda zake.

Siku tatu Faustini hakuonekana. Jumamosi asubuhi Mzee Hamdani, mwenye duka ambalo Leonia alishonea barazani pake, akaita kutoka ndani: "Leonia, simu. Kuna mtu anahema kama amepanda mlima."

"Haloo."

"Ni mie. Niko posta. Nimekosa, mama. Nilikuona unavyojua kungoja, nikadhani hakukugharimu kitu."

Leonia akahamishia simu sikio la pili.

"Upo?"

"Nipo. Nakuacha uzeeke kidogo, uone inavyouma."

Alimsikia akicheka. "Nimepeleka telegramu. Nimewaambia wanipe miezi miwili, nioe kwanza. Wangoje na wao, ni zamu yao. Na Juni ya sabini na saba nitakuwa hapa Kigoma, kazi imeisha haijaisha. Leo saa kumi naja na baba kwa mjomba wako."

"Saa kumi mjomba huwa ameshakwenda ziwani. Njooni saa tisa."

"Saa tisa, mpenzi."

"Na usichelewe. Nimekutazama miezi miwili, hujawahi kuwahi hata siku moja."

Akaweka simu, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee Hamdani akamtazama juu ya miwani.

"Nani huyo, binti?"

"Mtu wa saa tisa, mzee," alisema Leonia, akaanza kufunika cherehani.